Chumba cha Viazi

Mwezi uliopita nilishuka Beni kumsaidia binti yangu. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, na yeye na mume wake wamepanga nyumba ndogo katika commune ya Ruwenzori yenye chumba kimoja cha ziada. Nilipofika, kabla hata sijaonja chai, alinipa simu nitazame picha: ukuta mweupe wa mbao, kitanda cha mtoto kisichopakwa rangi, kikapu cha kusuka, kondoo wa kitambaa, pazia la rangi ya mtama.

“Ni style ya ferme, Mama,” aliniambia. “Tena haina rangi ya kijana, haina rangi ya binti. Yeyote atakuya, atakuta ni yake.”

Nilicheka mpaka mkwe wangu akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Ferme, yaani shamba! Wazee wetu walivunjika migongo milimani Lubero ili sisi tulale kwenye nyumba za sementi, na leo wajukuu wao wanatafuta kwenye simu namna ya kurudi. Lakini nikiri ukweli, chumba kilikuwa kinapendeza. Mkwe wangu, ambaye ni mwalimu mchana na fundi seremala jioni, alikuwa ameranda mbao za kitanda hadi zikawa laini, na dirisha liliingiza mwanga mzuri wa asubuhi. Kilichobaki kilikuwa kupaka kuta.

Alikoroga chokaa kwenye ndoo. Harufu ile ya ubaridi na ya udongo ulioloa ikapanda, nikapewa brashi, na mkono wangu ukagoma. Nilisimama mbele ya ukuta nikiutazama tu.

“Mama, iko nini?” binti yangu aliniuliza.

“Hakuna kitu. Mukono inachoka.”

“Haujaanza hata!”

Nikamwambia nimechoka na safari, nikaenda kukaa nje. Nilidanganya. Kisa chenyewe sikutaka kumsimulia mtu mwenye mimba, kwa hiyo nakiandika hapa, kwa ajili ya watu wa rika langu.

Nyumba yetu ilikuwa Kimemi, Butembo, ya mabati juu na udongo chini, imepigwa sementi upande wa barabara tu, ule unaoonwa na watu. Baba alikuwa mchuuzi wa viazi. Kila wiki alipanda lori kwenda Alimbongo akarudi amekaa juu ya magunia, midomo imepasuka kwa baridi. Viazi vya kula mama aliviuza sokoni. Viazi vya mbegu vilikaa nyumbani, katika chumba kidogo cha nyuma, gizani, vikingoja kuchipua. Chumba kile kilinuka gunia, udongo wa baridi, na kiazi kimoja ambacho siku zote kilikuwa kimeoza mahali fulani na hakuna aliyekiona.

Hakikuwa chumba cha viazi tangu mwanzo. Nilipokuwa na miaka mitano mama alikuwa mjamzito, na baba alitengeneza kitanda kidogo cha mbao za mikaratusi, chenye uzio pande zote. Mama alishona pazia kwa kitenge kipya. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani huku anashona. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu baadaye hakuimba tena kwa muda mrefu. Mdogo wangu wa kiume akazaliwa. Akapata homa, na siku ya tisa watu wakajaa uwanjani kwetu, wanaume wakakaa kwenye mabenchi ya kuazima parokiani, na mimi nikapelekwa kwa jirani nikapewa muwa.

Juma lile lile baba aling’oa misumari ya kitanda, akaegemeza mbao ukutani, akapanga magunia mbele yake. Mama hakumtaja tena mtoto yule, wala hakuna mtu aliyemtaja mbele yake. Mimi nilikuwa katika umri wa kusahau, na nilisahau mengi, hata sura yake. Nilichobaki nacho ni kwamba kulikuwa na bebe, kisha kukawa na viazi.

Nilipotimiza saba niliona mama anafunga kitenge juu zaidi kuliko kawaida na anakaa chini kwa kujishikilia. Hakuniambia kitu. Jirani alipomtania, “Mama Masika, unatuletea nini safari hii?” mama alijibu, “Tutaona,” akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Masika ni mimi. Nilingoja asikie raha kidogo, aseme nami neno, anunue hata soksi. Hakununua. Miezi ilikwenda na nyumbani hapakuongezeka hata pini.

Labda nisingetambua, lakini vyumba viwili vya mbele baba alikuwa amewapangisha sajini mmoja na mke wake, watu wa Kinshasa. Mke tulimwita Mama Fiston, ingawa Fiston mwenyewe alikuwa bado tumboni. Yule mama hakuwa na siri. Aliwaita wanawake wote wa uwanjani waje kuona chumba cha mwanawe: kitambaa cha buluu ukutani, chandarua cha buluu, viatu vya sufu vya buluu vimetundikwa kwenye msumari, na picha za kalenda za watoto wanene wanaocheka. Aliniingiza hata mimi, akanipa biskuti.

“Ezali mobali,” alisema kwa Kilingala chake, akijipigapiga tumbo. Kisha akaniangalia, akaona nimebaki nyuma. “Ni mwanaume. Angalia vile inachongoka.”

“Na kama ni binti?”

“Binti atafanya nini mu bleu? Yeye atangoja mwaka ingine.”

(Alizaa binti. Fiston akalala kwenye buluu yake, akavaa viatu vyake vya buluu, akaitwa Fiston, jina la kijana, mpaka siku sajini alipohamishwa. Hakuna aliyethubutu kucheka mbele ya mama yake.)

Nilitoka pale na ladha ya biskuti mdomoni, nikaingia kwetu, nikafungua mlango wa chumba cha nyuma. Magunia. Nikafanya hesabu yangu ya mtoto wa miaka saba. Mama Fiston anamtaka wake, kwa hiyo amemwandalia. Mama yangu hamtaki wetu, ndiyo maana hajamwandalia. Na lililonitisha zaidi: yule wa kwanza alishonewa pazia, akapigiwa kitanda, na bado hakukaa. Huyu atakayekuja akute viazi, atakaa siku ngapi? Mbili?

Nilimtaka mdogo huyo. Niseme wazi, maana watu hudhani watoto huona wivu tu. Nilichoka kucheza peke yangu na kula peke yangu kwenye sahani, wakati watoto wa jirani walikuwa wanagombania nyama. Nilitaka mtu wa kugombana naye. Nilitaka aje, na nilitaka akae.

Likizo ilipofika baba alinipeleka Alimbongo kwa bibi, mama yake mzazi. Ndani ya lori nilimuuliza kwa nini mama hamtengenezei bebe kitu. Baba alivuta kofia yake hadi machoni.

“Ile neno usimuulize mama yako,” alisema. “Unasikia?”

“Ndiyo, Papa.”

Ningefanyaje? Mtoto ukimkataza swali, anabaki na jibu lake mwenyewe.

Alimbongo ni baridi. Asubuhi ukungu unakaa juu ya mashamba ya viazi na vitunguu vya majani mpaka unasikia ng’ombe kabla hujamwona. Bibi nilimkuta amekunja kitenge hadi magotini, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akipaka nyumba yake. Sehemu ya juu ya ukuta aliipaka udongo mweupe uliochimbwa bondeni. Sehemu ya chini, hadi kimo cha kiuno, aliipaka udongo mweusi uliochanganywa na mkaa uliosagwa, ili matope ya mvua yasionekane. Katikati alichora mstari kwa kidole. Nilimuuliza kuna sikukuu gani.

“Hakuna sikukuu. Baba ya mukwe wangu anakuya siku ya Mungu,” alisema. “Mugeni akifika akute ukuta imenawa uso. Akiona vile, atajua tulikuwa tunamungojea, ataikala.”

Ataikala, yaani atakaa! Sijui kama bibi alielewa alichonipa siku hiyo. Watu wa Pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuiona Pwani, alijua njia ya kumfanya mgeni huyo asiondoke mapema. Nilimwomba udongo ule mweupe. Nilisema ni wa masomo, tunachora ramani. Bibi hakujua kusoma na aliheshimu sana ramani, akanifungia madonge mawili makubwa ndani ya kipande cha gunia.

“Wasingya,” nilimshukuru kwa Kinande, macho chini, kwa sababu ya uongo.

Kazi ilinichukua asubuhi tatu. Mama alikuwa sokoni, baba barabarani, na magunia yalikuwa machache, maana wakulima walikwisha kuchukua mbegu zao. Niliyasukuma kwa mgongo hadi pembeni. Niliponda madonge, nikakoroga kwenye beseni la kufulia, nikachovya kitambaa na kupaka. Weupe ulifika pale mkono wangu ulipofika nikiwa nimesimama juu ya kinu, basi. Chini nikapaka mkaa. Nilijipaka na mimi pia, na kuku mmoja aliyeingia kuuliza.

Kisha likaja suala la rangi. Wa kwetu sikujua ni nani. Tumbo la mama halikuchongoka wala halikutanuka, lilikuwa tumbo tu. Nikiweka buluu, akija binti atajiona amekosea nyumba. Kwa hiyo niliamua kuchora vitu vya kwa bibi, ambavyo havina ubaguzi. Nilichora ng’ombe, maana ng’ombe humwangalia kila mtu sawasawa. Nilichora kuku, na maua ya viazi, na vitunguu vya majani kwa kusugua majani yenyewe ukutani mpaka yakatoa kijani. Ng’ombe alitoka na miguu mitano kwa sababu mmoja ulikuwa mkia nikaukosea.

Nyuma ya magunia nilikuta mbao za kitanda. Nilizitambua. Nilijaribu kuzisimamisha kwa kamba ya katani, zikaanguka. Mwishowe niliziegemeza pembeni kwa umbo la kitanda na kuweka ndani kitenge cha zamani cha mama, nimekikunja vizuri. Nikarudi nyuma hadi mlangoni kutazama. Ninawaambieni, hicho kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote Kimemi. Nilimwambia bebe kimoyomoyo: umeona? Unangojewa.

Mama alirudi mapema siku ya tatu. Mgongo ulikuwa unamuuma, na dada yake baba, tuliyemwita tantine, alikuwa amemsindikiza akimbebea kikapu. Aliona nyayo zangu nyeupe kwenye sakafu, akazifuata. Nilisikia kandambili zake zikija, na ninaapa nilifurahi. Nilidhani atasema, kumbe! nilikuwa nimesahau, umefanya vizuri.

Alisimama mlangoni. Alitazama ukuta wa kushoto, wa mbele, kisha macho yake yakafika kwenye zile mbao. Nikaona mikono yake inatafuta kitu cha kushika. Aliketi juu ya gunia la viazi akaanza kulia bila sauti, mdomo wazi, na machozi yakawa yanaanguka juu ya tumbo lake.

“Nani alikutuma?” aliniuliza.

“Hakuna mutu, Mama. Nilitaka bebe aikale.”

Tantine ndiye aliyepata sauti. “Tena! Ile mara ya kwanza mulitengeneza mbele ya kuzaa, mulishona, muliimba, mukaona ile mulipata. Sasa huyu mutoto naye anaita kifo mu nyumba!”

“Nyamaza,” mama alimwambia, kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Kisha akaniambia, “Toka. Ufunge ule mulango.”

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Nilikaa nyuma ya jiko nikipanga upya kila kitu kichwani. Kumbe si kwamba mama hakumtaka. Alikuwa anamficha. Alikuwa ananyamaza ili kifo kipite barabarani kisijue kwamba kwetu kuna mtu, na mimi nilikuwa nimepaka nyumba rangi nyeupe ili kione vizuri.

Simlaumu tantine. Alikuwa amezika watoto wake wawili, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini maneno yale yaliniingia kuliko alivyokusudia, kwa sababu siku ya tatu baada ya hapo, alfajiri, mama alishikwa na uchungu, wiki nyingi kabla ya wakati. Baba na tantine walimshika huku na huku wakaenda naye maternité, nyumba ya kujifungulia. Tantine alipopita mbele yangu alinitazama tu. Mama Fiston alinipa uji na kunipangusa uso, akaniambia nisali.

Nilisali Salamu Maria kumi. Kisha nikachukua kisu cha kumenyea viazi, nikaingia chumba cha nyuma, nikaanza kukwangua.

Udongo uliokwisha kukauka hauachii kirahisi. Niliparua kwa kisu, kisha kwa kucha. Kuku aliondoka, maua yakaondoka, vumbi likanijaa puani na vidole vikaanza kutoa damu. Niliamini kwamba kila kipande ninachokitoa kinamrudishia bebe pumzi moja, na kwamba nikikawia atakufa kwa ajili ya uvivu wangu. Nililia na kukwangua mpaka jua likawa juu. Sijawahi tena katika maisha yangu kufanya kazi kwa bidii ile.

Hapo ndipo baba aliponikuta.

“Masika. Unafanya nini?”

“Ninaondoa, Papa. Juu bebe asikufe.”

“Nani alikuambia ukuta inaua mutu?”

Alimjua hata bila kuambiwa. Baba alininyang’anya kisu taratibu, akaketi juu ya gunia lile lile alilokalia mama, akanivuta kati ya magoti yake. Alikuwa na vumbi la barabara na harufu ya dawa ya hospitali.

“Sikia,” alisema. “Ule mwingine alikufa na homa. Homa, Masika. Nilimubeba mu mikono ku dispensaire, nilikimbia njia yote, tulifika saa imepita. Kitanda haikumuua. Pazia haikumuua. Mimi njo nilipiga ile misumari, ninajua.”

“Mama anajua?”

Aliweka kisu chini. “Kichwa yake inajua. Roho njo bado haijue.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja mtoto yule. Tulikaa pale, mimi na baba yangu, tukiwa weupe wote wawili. Kisha alijipangusa kwa kofia yake akasema bebe amezaliwa, ni kijana, ni mdogo sana, na mama ananiita.

Maternité ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vingi na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mama alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Mtoto hakuonekana: alikuwa amefungwa ndani ya nguo za mama, kifua kwa kifua, amezungushiwa pamba, na kilichotokeza ni kofia ndogo tu. Niwatoe wasiwasi mapema, maana najua mnangoja: alikaa. Leo ni mtu mwenye kitambi, anauza mabati Butembo, na tumegombana mpaka nimetosheka. Lakini siku hiyo hakuna aliyejua, na mimi nilisimama mbali, miguuni pa kitanda, nikiogopa kumkaribia nisimletee tena balaa.

“Kuya,” mama alisema.

Nilikwenda. Alinishika mkono akaugeuza, akaona kucha zangu zilizojaa udongo mweupe na vidole vilivyochubuka. Alivitazama muda mrefu.

“Uliondosha yote?”

“Hapana, Mama. Inabakia upande moja.”

“Ile ya ng’ombe?”

“Ndiyo. Ng’ombe iko.”

“Iko na miguu tano,” mama alisema.

“Moja ni mukia.”

Alifunga macho, na nikaona mdomo wake unatetemeka upande mmoja, sikujua kama ni kilio au kicheko. “Basi uwache ikuwe,” alisema. “Mutoto atataka kuiona.” Aliuvuta mkono wangu akauweka juu ya mgongo wa bebe, ndani ya nguo. Ulikuwa na joto, na mwembamba, na ulipanda na kushuka haraka haraka. Nikalia mpaka wanawake wa vitanda vingine wakauliza huyu naye amepatwa na nini.

Baadaye kidogo mkunga alikuja na daftari. Alikuwa mama wa kwetu, mnene, mwenye haraka. Baba alikuwa amesimama karibu na dirisha, na tantine ameketi mwisho wa kitanda akikunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa.

Kwetu Wanande jina la kwanza la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, apende asipende. Darasani kwetu tulikuwa Masika sita. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo hivyo. Jina la ubatizo mtapanga baadaye mkitaka, lakini hili hata mkunga anaweza kuliandika bila kuuliza, akishajua tu mtoto ni wa ngapi.

“Mama, uko na batoto wangapi ku nyumba?” aliuliza, kichwa chini.

“Moja,” mama alisema. “Huyu Masika.”

“Bon. Donc huyu njo kijana ya kwanza. Nitaandika Mumbere.”

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Baba aligeuka akatazama nje. Tantine aliacha kukunja. Sasa nikiwa mtu mzima naelewa kwamba wote wawili walikuwa tayari kuliacha lipite, kwa huruma. Ingekuwa rahisi. Jina lingemkaa huyu mpya, pengo lingefunikwa, na mama asingelazimika kueleza kitu kwa mtu yeyote, siku yoyote.

“Hapana,” mama alisema. “Andika Kambale.”

Mkunga aliinua kichwa. “Mais mama, Kambale ni wa pili. Mumbere iko wapi?”

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Mama alijiinua kwenye mto, mkono mmoja juu ya kofia ndogo ile, na akasema kwa sauti ambayo ilifika hadi kitanda cha mlangoni.

“Mumbere alikuya mbele ya huyu. Aliikala na sisi siku tisa. Nilimutengenezea chumba.”

Mkunga aliinamia daftari. Alikata alichokuwa ameanza kuandika, akaandika upya, polepole, herufi moja moja. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na vidole vyangu vilivyochubuka, nikaanza kuvikunja kimoja kimoja kama tulivyofundishwa shuleni. Masika. Mumbere. Kambale. Miaka miwili nilikuwa nimejihesabu peke yangu. Mama, muda wote huo, alikuwa anahesabu sawasawa, na sasa tulikuwa watatu.